Madimbwi Tuliyofichana

Asubuhi ya kwanza nilidhani ni maji. Kulikuwa na dimbwi dogo kwenye kapeti, kando ya kochi la sebuleni, nikafikiri Mama amemwaga glasi yake ya kumezea dawa. Nilipiga magoti na tambara, na harufu ikanifikia kabla mkono haujagusa. Nikageuka. Mbwa alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kichwa chini, mkia ameubana katikati ya miguu, hataki kunitazama.

Ulikuwa mwaka wangu wa kumi na moja nikifanya kazi katika nyumba ile ya Spring Valley, Nairobi. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa miaka sabini na minane, muuguzi mstaafu aliyesimamia wodi na kufundisha wauguzi mpaka akazeeka nayo kazi. Nilimwita Mama. Yeye aliniita msichana wangu, ingawa nilikuwa nimeshapita arobaini na nilikuwa na watoto wawili waliolelewa na mama yangu mzazi huko Vihiga. Ndani ya nyumba tulikuwa watatu tu: Mama, mimi na mbwa. Kwenye geti palikuwa na soja wa kulinda, lakini yeye mambo yake yalikuwa kibandani kwake, na redio yake.

Mbwa alikuwa jike, mweusi, mwenye doa jeupe kifuani, wa miaka minane. Jina lake sitalitaja, maana lilikuwa jina la shangazi ya Mama, mwanamke aliyekuwa mkali mno, na ukoo ule bado upo. Aliletwa akiwa mdogo wa kuingia kwenye kapu la matunda. Mimi ndiye niliyemfundisha adabu za nyumba. Kila akimaliza kula nilimbeba nje hadi kwenye nyasi, nikasimama naye hata kama mvua inanyesha, nikimsemesha kwa lugha ya kwetu mpaka amalize. Kabla mwezi wa tatu haujaisha alikuwa ameshaelewa. Akitaka kutoka alikuwa anakuja kunigusa goti kwa pua, mara moja tu, kama mtu anayebisha hodi kwa heshima. Miaka minane hakuwahi kunikosea.

Kwa hiyo asubuhi ile sikukasirika. Nilishtuka. Nikasugua kapeti kwa maji ya siki, nikafungua madirisha, na Mama alipotoka chumbani saa moja na nusu na kusalimia, nilimwambia nimelala salama na nyumba iko sawa.

Lazima nieleze kwa nini nilidanganya. Mwaka wangu wa pili pale, mume wa Mama akiwa bado hai, walikuwa na mbwa mwingine, dume mzee. Dume yule alianza kukojoa ndani. Mzee alivumilia mara mbili, na mara ya tatu akasema maneno matatu tu: "Nyumba si choo." Kesho yake gari lilikuja, dume akapandishwa nyuma, na hakurudi. Mama alikuwa amesimama dirishani akikunja mashuka. Nilimtazama usoni. Uso ulikuwa mkavu, mikono inakunja tu, pembe kwa pembe. Siku ile niliamua moyoni kwamba hawa watu wote wawili ni wamoja, na kwamba mnyama katika nyumba hii anaishi kwa kibali cha kapeti.

Mzee alikuwa amekufa miaka minne nyuma, lakini kapeti lilikuwa lile lile.

Wiki ya kwanza ilikuwa mara moja. Wiki ya pili, mara tatu. Baadaye ikawa kila asubuhi, na mimi nikaanza kuamka saa kumi na moja badala ya saa kumi na mbili ili nimtangulie Mama. Nilikuwa na tambara langu nililolificha chini ya sinki, nyuma ya ndoo. Nilikuwa na chupa yangu ya siki. Nilikuwa nimeshajua kusugua kwa mzunguko ili doa lisiache duara. Magoti yalianza kuniuma, lakini hilo nililiona dogo.

Nikaona pia kwamba mbwa anakunywa maji kuliko zamani. Bakuli lake nililizoea kulijaza asubuhi na jioni. Sasa kufika saa nne lilikuwa limekauka. Nilisema ni joto. Joto lilipoisha nikasema ni uzee. Kisha nikafikiria kwa akili yangu ya kijinga: kinachotoka ndicho kilichoingia. Nikaanza kumnyima maji. Saa kumi jioni nilikuwa naliondoa bakuli na kuliweka juu ya friji. Mbwa alinifuata, akakaa chini akiliangalia, halafu akaniangalia mimi. Alianza kulamba visahani vya maua kule veranda. Mara nyingine nilikuta bakuli limerudi chini na limejaa, nikadhani nimesahau mimi mwenyewe. Nililiondoa tena.

Na siku moja nilimchapa. Nilikuwa nimetoka kukausha kapeti, bado niko chini, naye akaja akachuchumaa palepale mbele yangu kwenye sehemu niliyoisafisha. Nilivua slipa nikampiga mgongoni. Hakulia. Alibaki amechuchumaa, mkojo unaendelea kutoka, kwa sababu hakuweza kuuzuia. Niliona kwamba hakuweza. Hilo ndilo ninalolirudia kichwani: kwamba niliona, na bado sikumwambia mtu.

Soja wa mchana aliona pia. Aliniambia siku moja nikiwa nampelekea chai, "Huyu mbwa yenu siku hizi anakojoa kila saa kama mzee mlevi wa chang'aa. Mmempeleka kwa daktari?"

"Ni baridi ya asubuhi," nikamjibu.

"Baridi gani? Jua yote hii?"

Nilichukua kikombe chake kabla hajamaliza, nikarudi ndani.

Jumapili nilikuwa naenda kanisani Kangemi na kurudi saa kumi. Nikifungua mlango nilikuta nyumba inanukia dawa ya hospitali, ile nyekundu inayotiwa kwenye maji ya kupigia deki. Nilimwambia Mama, "Ungeniachia hiyo kazi." Naye akasema, "Mkono wa muuguzi haukai bure." Nikacheka. Hata nikajiona mwenye bahati, kwamba mbwa alikuwa anajizuia siku ambayo sipo.

Mambo yalikwenda hivyo kwa miezi mitatu hivi.

Siku yalipofumuka ilikuwa Jumatano, kama saa tisa. Mama alikuwa ameamka kutoka usingizi wake wa mchana, mimi nachambua sukuma wiki mezani jikoni. Mbwa aliingia akitembea polepole, kama aliyetoka mbali. Alifika katikati ya jikoni, kwenye vigae vyeupe, akachuchumaa. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, iliyochemshwa sana, na ndani yake nyuzi za damu.

Niliruka. Nilikwenda moja kwa moja hadi chini ya sinki, mkono ukaingia nyuma ya ndoo, nikatoka na tambara langu. Nilipogeuka, Mama alikuwa ametoka upande wa sebuleni, na mkononi alikuwa ameshika tambara pia. Lilikuwa kipande cha shuka la zamani, limekunjwa vizuri mara nne, limeingia madoa ya manjano ambayo hayakutoka. Sikuwahi kuliona. Baadaye nilijua alikuwa analiweka nyuma ya vitabu vya marehemu mume wake.

Tulisimama hivyo, kila mtu na tambara lake, mbwa katikati.

"Tangu lini?" Mama akauliza.

"Tangu lini nini, Mama?"

"Usinizungushe."

Nikamwambia. Kila asubuhi, tangu kabla ya mvua. Nikamwambia habari za siki. Alinisikiliza bila kupepesa.

"Mimi ni mchana," akasema. "Ukiwa umeenda kununua mboga, au uko huko nyuma unaanika. Na Jumapili yote. Jumapili iliyopita ni mara sita."

"Mara sita?"

"Mara sita. Nilifikiri ni Jumapili tu zinazokuwa mbaya. Nilifikiri anakutafuta wewe."

Na mimi nilikuwa nimefikiri ni asubuhi tu. Kila mmoja wetu alikuwa na nusu yake ya ugonjwa, akaona nusu hiyo si kubwa, akaificha.

"Kwa nini hukuniambia, msichana wangu?"

"Niliogopa utamtoa. Kama yule dume."

Mama alishika ukingo wa meza, akakaa kwenye kiti changu. Halafu akasema, "Yule dume nilimlilia bafuni wiki nzima, nimefungua mfereji wa maji ili mzee asinisikie."

"Mimi sikujua, Mama."

"Ungejuaje?" Alikuwa bado ameshika lile shuka. "Na mimi niliogopa utaenda. Wasichana wawili kabla yako walienda kwa sababu ya yule dume, alipokuwa mdogo hajajua adabu za nyumba. Mmoja aliniambia hakuja Nairobi kufua mikojo ya mbwa. Nikasema huyu naye akichoka, nitabaki na nani?"

Halafu akainama, akachovya ncha ya kidole kwenye lile dimbwi, akakinusa, kama ambavyo pengine alifanya maisha yake yote ya kazi. Nikaona uso wake ukibadilika. "Miaka thelathini na tano," akasema. "Nimefundisha wasichana: uliza mkojo. Uliza ni mara ngapi, uliza rangi. Kwa mgonjwa asiyeweza kusema, uliza anayemlaza na anayemwamsha. Na mimi sikukuuliza."

Kupata gari la kumbeba mbwa ni kazi. Dereva wa kwanza alifika getini, akamwona, akasema, "Mbwa haiingii kwa gari yangu, mama, hata ulipe mara mbili," akageuza. Wa pili alikubali tulipotandika mashuka matatu. Nilikaa nyuma, kichwa cha mbwa kikiwa mapajani mwangu, Mama amekaa mbele amevaa koti lake la kanisani. Kliniki ilikuwa Parklands, kwenye nyumba ya zamani iliyogeuzwa. Daktari alikuwa msichana mdogo, mpole, nywele amezifunga kwa kitambaa. Alimpima mbwa, akachukua damu, akampitisha kwenye mashine ya kuangalia tumbo, halafu akatukalisha.

"Amekuwa anakunywa maji sana?"

"Sana," nikasema.

"Na mlikuwa mnampa?"

Sikuweza kusema uongo mwingine. "Jioni nilikuwa nayaondoa. Ili asikojoe."

"Kwa muda gani?"

"Mwezi hivi."

Aliandika kitu kwenye karatasi. Mama aligeuka akanitazama, nikajua wakati huo huo kwamba bakuli nililokuwa nalikuta limejaa ni yeye aliyekuwa analishusha na kulijaza. Alikuwa na umri ule, akinyoosha mikono hadi juu ya friji, na hakuniuliza kwa nini bakuli liko huko.

Daktari alieleza kwa maneno rahisi. Ugonjwa ulianzia kwenye kibofu. Ulikuwa mdogo, wa kutibiwa kwa vidonge vya wiki mbili. Ukapanda. Sasa ulikuwa kwenye figo zote mbili, na figo zilikuwa zimekwisha.

"Mngemleta mwanzoni," akasema, akaacha hapo. Nilimsubiri aongeze kwamba si kosa letu. Watu huwa wanasema hivyo hata kama si kweli. Yeye hakusema.

Walimtia dripu siku tatu. Kila siku nilikuwa naenda mchana, nakaa kwenye sakafu kando ya kizimba, namsemesha kwa lugha yetu ile ya nyasini. Siku ya kwanza alipiga mkia mara moja. Siku ya pili alifungua macho. Siku ya tatu alisogeza pua mpaka ikagusa goti langu, nami nikaelewa anaomba kutoka nje, lakini alikuwa na sindano mguuni na hakuweza kusimama. Nikamwambia, "Kojoa tu hapa, mama. Kojoa tu." Alikataa. Alijikaza, mwili wote unatetemeka, kwa kuwa mimi ndiye niliyemfundisha kwamba ndani hapakojolewi. Nikamwita mhudumu, tukambeba wawili hadi kwenye nyasi za nyuma, na huko hakikutoka kitu. Figo zilikuwa zimeshaacha kufanya kazi.

Siku ya nne asubuhi daktari alipiga simu. Tulienda na Mama. Mama alimshika kichwa, mimi nikamshika miguu ya nyuma. Ilikuwa sindano moja. Nilikuwa nimesikia kwamba wanalala kama watoto, lakini hakulala kama mtoto; alikata pumzi katikati, macho wazi, kama mtu aliyekatizwa akizungumza. Mama alimfumba macho kwa vidole viwili, kwa ustadi, halafu vidole vikabaki pale juu ya manyoya, havijui pa kwenda.

Soja alichimba shimo kando ya ua wa nyuma. Binti yake Mama alikuja jioni kutoka Karen anakoishi na mume wake. Ndiye mtoto pekee aliyekuwa karibu. Alimkumbatia mama yake, akasema, "Pole, Mum. Lakini ni mbwa tu, na alikuwa amezeeka." Halafu jikoni aliniambia kwa sauti ya chini, "Niambie ukweli. Mum anaweza kuendelea kukaa hapa? Ukiona kitu chochote, nipigie. Nitamchukua."

"Nitakupigia," nikasema.

Usiku huo huo, kabla ya kulala, Mama aliniita. Alinishika mikono yote miwili. "Kuanzia leo hatufichani kitu," akasema. "Kitu chochote. Tumeelewana?" Nikasema tumeelewana. Nililia, naye akalia, na nadhani tulikuwa tunasema kweli kabisa.

Haikupita miezi miwili.

Nilikuwa namsaidia kufunga vifungo vya gauni nikaona mkono wake wa kulia, juu ya kiwiko, umevilia damu, mweusi kama bilinganya. Nilijua ni kuanguka. Bafuni, pengine. Nilijua kwamba mzee anayeanguka mara moja ataanguka tena. Mama alivuta mkono wa gauni upesi ukafunika, akaniuliza kama maziwa yameshachemka.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema, au kumpigia binti yake. Nikafikiria Karen. Nikafikiria nyumba ya binti, yenye wafanyakazi wake tayari, na geti ambalo mimi nisingekuwa na sababu ya kulipitia. Nikafikiria watoto wangu na shule. Na kwa upande wake najua alichofikiria, kwa kuwa aliniambia baadaye hospitalini: alifikiri nikijua nitampigia binti. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na sababu zote mbili zilikuwa nzuri.

"Yameshachemka, Mama," nikasema.

Alianguka mara ya pili mwezi uliofuata, asubuhi, akitoka kuoga. Nilisikia kishindo nikiwa sebuleni. Ilikuwa nyonga. Binti aliponiuliza kama kulikuwa na dalili yoyote kabla ya hapo, nilitazama sakafu ya hospitali ile, nikasema hapana. Mama alikuwa amelala kitandani, macho wazi, anasikia. Naye alisema hapana.

Binti alimhamishia Mama kwake, na nyumba ikauzwa. Sikuwepo ilipobomolewa, lakini nilipita siku moja nikaona mabati yamezungushwa na tingatinga ndani, na ua wa nyuma wote umechimbwa kuwa shimo la msingi wa fleti. Soja alikuwa mwingine, hakunifahamu. Sikumwuliza kitu.

Sasa nafanya usafi kwenye jengo la ofisi katikati ya mji. Nina orofa mbili, ya tano na ya sita. Sakafu ni vigae, hakuna kapeti, kazi inakwenda haraka, na saa nane naweza kukaa kwenye ngazi za nyuma na kupumzisha magoti. Daktari mmoja aliyaangalia akasema yanahitaji kutibiwa mapema. Sijarudi kwake. Msimamizi wetu hataki watu wagonjwa.

Jumamosi nampigia Mama. Binti ndiye anayepokea, halafu anamshikia simu sikioni. Binti aliniambia kwamba Mama hajasimama tangu ile siku, na kwamba siku nyingine hataki kula.

"Mama, mguu unaendeleaje?"

"Unaendelea vizuri. Jana nimetembea hadi dirishani. Na wewe, msichana wangu? Kazi?"

"Kazi ni nzuri, Mama. Hainichoshi."

"Na magoti?"

"Yalishapona."

"Vizuri," anasema. "Vizuri."

Nasikia pumzi yake, na nyuma yake televisheni ya wajukuu. Mambo yangu najua anayajua, na yeye anajua kwamba nayajua yake. Halafu mmoja wetu anasema kuna mtu anagonga mlango, hata kama hakuna, na tunaagana.